Vita vya Mezani kwa Visanamu: Mwongozo Kamili wa Kukusanya, Kupaka Rangi na Kucheza, kwa Mfano wa Mapigano ya Tanga ya 1914

Mtu anayeanza kukusanya visanamu vya askari kwa kawaida hufanya kosa moja: hununua kwanza, kisha hutafuta vita ya kuvitumia. Miezi sita baadaye ana maboksi matatu yaliyojaa Warumi, Wafaransa wa Napoleon na vifaru vya mwaka 1944, hakuna kundi hata moja lililokamilika, na hakuna meza hata moja iliyowahi kuandaliwa. Mwongozo huu unafuata njia iliyo kinyume. Utachagua mapigano mamoja ya kweli, tena yenye mipaka, utayasoma, utahesabu watu wanaohitajika kwa pande zote mbili, na ndipo utakapofungua pochi. Mfano nitakaoutumia tangu mwanzo hadi mwisho ni mapigano ya Tanga ya Novemba 1914, kati ya Waingereza na Wajerumani katika Vita Kuu ya Kwanza, kwa sababu uwanja wake naujua kwa miguu yangu na kwa sababu una karibu kila jambo ambalo mchezo mzuri unalihitaji.

Mchezo wenyewe una asili ndefu. Maofisa wa jeshi la Prussia walikuwa wakijifunza vita juu ya meza kwa kanuni za Reisswitz tangu mwaka 1824, na kufikia mwaka 1913 mwandishi Mwingereza H. G. Wells alikuwa amechapisha kanuni za kuchezea askari wa kuchezea sakafuni, akiwaangusha kwa mizinga midogo ya springi. Anayejua bao hatakuwa mgeni kabisa hapa: kuna kuhesabu, kuna kutega, na kuna mtu wa pembeni anayejua kila kitu kuliko wachezaji. Tofauti ni kwamba hapa kete zina sura na historia, na bahati ya dadu huingia kati. Jirani yangu mmoja bado huniuliza mtu mzima nafanya nini na watoto wa sanamu. Nimeacha kumjibu, humpa brashi ashike kazi.

Hatua ya kwanza: kuyajua mapigano

Soma kabla ya kununua, na unaposoma tafuta mambo manne tu: nani alikuwepo, walikuwa wangapi, uwanja ulikuwaje, na kwa nini upande mmoja ulishinda. Kwa Tanga, majibu ni haya. Meja Jenerali Arthur Aitken wa Uingereza alifika kwa meli kutoka Bombay akiwa na kikosi cha takriban watu 8,000, wengi wao askari wa Kihindi waliokuwa wamekaa baharini kwa wiki mbili na zaidi, wakiwa hawajawahi kufanya mazoezi pamoja. Asubuhi ya tarehe 2 Novemba manowari ya Fox iliingia kudai mji usalimu amri, na kwa kufanya hivyo ikawapa Wajerumani muda wa kuita msaada kwa reli kutoka Moshi. Usiku huo vikosi vya kwanza vilishuka Ras Kasone, vikipita kwenye mikoko. Alfajiri ya tarehe 3 Wahindi wa kikosi cha 13 cha Rajput na wa kikosi cha 61 cha Pioneer walisonga kuelekea mji, wakakutana na moto mkali karibu na mahali ambapo reli imechimbwa ndani ya ardhi, wakarudi nyuma. Tarehe 4 shambulio kubwa lilifanyika mchana, baadhi ya askari waliingia hadi mjini, lakini Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani aliyekuwa na watu wapatao 1,000 tu, aliwapiga ubavuni, na tarehe 5 Waingereza walirudi melini wakiacha nyuma bombomu, mamia ya bunduki na risasi nyingi mno.

Angalia jinsi maelezo hayo mafupi yanavyokupa mchezo. Upande mmoja una watu wengi waliochoka na wasioijua nchi. Upande wa pili una watu wachache, wanaojuana, wenye reli mgongoni. Mchezo mzuri hauhitaji pande zinazolingana, bali unahitaji kila upande uwe na tatizo lake la kutatua.

Kwa picha, tafuta kazi za Walther Dobbertin, mpiga picha aliyeishi Afrika Mashariki ya Kijerumani, ambazo nyingi zimo katika hifadhi ya taifa ya Ujerumani na zinaonekana kwenye intaneti. Ukiweza kufika Tanga, nenda pia kwenye makaburi ya Jumuiya ya Madola, palipo na kumbukumbu ya waliokufa hapo na Jasini, palipokuwa na mapigano mengine ya kampeni hiyo. Majina yaliyochongwa pale ni ya watu ambao wewe unakwenda kuwatengeneza kwa urefu wa kidole gumba, na ni vizuri ulijue hilo kabla ya kurusha dadu ya kwanza.

Hatua ya pili: kuchagua kipimo na idadi

Visanamu hupimwa kwa milimita, kutoka unyayo hadi usawa wa macho. Vya milimita 6 hukuwezesha kuweka jeshi zima la Aitken kwenye meza ya kulia chakula, lakini sura hutaziona. Vya milimita 15 ni suluhisho la kati kwa anayetaka vita nzima. Vya plastiki vya kipimo cha 1/72, ambavyo ni kama milimita 20 hadi 23, ni rahisi kwa bei, ila plastiki yake laini hutupa rangi usipoiosha vizuri. Vya milimita 28 ndivyo vyenye sura, vifungo na mikunjo ya nguo, na ndivyo ninavyompendekezea anayeanza, kwa masharti kwamba acheze kipande cha vita na si vita nzima.

Kwa hiyo hatutacheza Tanga yote. Tutacheza asubuhi ya tarehe 3, pale relini, na kila kisanamu kitawakilisha watu kadhaa. Upande wa Waingereza utahitaji makundi manne ya Rajput yenye watu wanane kila moja, makundi mawili ya Pioneer ya watu wanane wanane, na maofisa wawili: jumla 50. Upande wa Wajerumani utahitaji makundi matatu ya askari wanane, bombomu moja yenye watu watatu, ofisa mmoja, na kundi moja la wanane litakalofika kwa treni: jumla 36. Visanamu 86 kwa pande zote mbili. Mimi kundi la wanane hunichukua jioni nne, kwa hiyo makundi kumi ni jioni arobaini, na maofisa na bombomu unawaongeza juu yake.

Sisitizo langu la pekee katika hatua hii ni kwamba uwe na pande zote mbili wewe mwenyewe. Ukisubiri rafiki akamilishe jeshi la upande wa pili, utasubiri sana.

Hatua ya tatu: kuvipata

Visanamu vya kampeni ya Afrika Mashariki vya milimita 28 hutengenezwa na wachongaji wadogo wa Ulaya na Marekani, na huuzwa kwa njia ya posta. Ukiwa Dar es Salaam, Nairobi au Mombasa, gharama inayouma mara nyingi ni usafirishaji na ushuru, kwa sababu chuma kina uzito. Agizeni watu wawili au watatu kwa pamoja. Andika mapema hesabu yako, hata kwenye daftari la shule, ili usinunue bombomu tatu kwa sababu zimepunguzwa bei.

Njia ya pili, inayozidi kutumika, ni kununua faili la dijitali na kulichapa kwa mashine ya rezini. Uchapaji huu hutoa maumbo safi sana, lakini rezini ambayo haijakaushwa kwa mwanga wa urujuanimno ni kemikali inayounguza ngozi: vaa glavu, fungua madirisha, na usimwage mabaki kwenye sinki. Ukimpa fundi wa mashine akuchapie, mwambie kipimo kwa milimita za urefu wa kisanamu, usimwambie asilimia. Fundi mmoja aliwahi kunichapia Rajput wanane wenye urefu wa penseli.

Ongeza kwenye orodha yako kitu ambacho wauzaji wengi hawakiweki mbele: wapagazi. Majeshi yote ya kampeni ile yalitembea kwa mabega ya watu, na jina la Kariakoo lenyewe ni mabaki ya jina la kikosi cha wapagazi wa Kiingereza. Wapagazi wanne wenye mizigo kichwani hawapigi risasi, lakini meza isiyo nao inadanganya.

Hatua ya nne: kuvisafisha na kuviunganisha

Kisanamu kinapotoka katika kalibu huwa na mshono mwembamba unaozunguka mwili, na mara nyingine vijiti vidogo vya chuma kilichovuja. Kwangua mshono kwa makali ya kisu yaliyolala, ukivuta kuelekea kwako taratibu, kisha malizia kwa tupa ndogo na msasa laini. Usiruke sehemu ya kofia na mabega, kwa sababu rangi ya mwangaza itakayokuja baadaye huuangaza mshono kama mstari wa chaki. Visanamu vya zamani vina madini ya risasi. Vaa barakoa unapopiga tupa, nawa mikono kabla ya kula, na usiwaachie watoto wadogo.

Baada ya hapo vioshe vyote kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, ukisugua kwa mswaki mkuukuu, kwa sababu kalibu hupakwa unga au mafuta yanayokataa rangi. Viache vikauke usiku kucha. Gundi ya papo kwa papo hutosha kwa chuma na rezini, huku plastiki ngumu ikihitaji gundi yake inayoyeyusha kidogo kingo na kuziunganisha. Mkono mzito wa chuma usiokaa, toboa tundu dogo pande zote mbili na upitishe kipande cha waya.

Mwisho, gandisha kila kisanamu kwenye kizibo cha chupa ya soda kwa gundi kidogo tu, ili upate pa kushika bila kugusa rangi.

Hatua ya tano: kupaka rangi

Hapa ndipo wengi hukata tamaa, na hapa ndipo nitakapokaa zaidi.

Anza na praima, yaani rangi ya chini inayoshikilia nyingine zote. Ya kopo la kupuliza ni ya haraka, lakini kwa wakazi wa pwani ina mtego. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, chembe za rangi hukauka vibaya na kuacha ukungu mweupe wenye mkwaruzo, kama kisanamu kilichomwagiwa unga. Niliharibu makundi mawili kwa namna hiyo siku moja ya masika, nikiamini kibaraza kinatosha. Puliza asubuhi ya siku kavu, kwa umbali wa sentimita 25 hivi, kwa mikupuo mifupi. Katika miezi ya mvua tumia praima ya kupaka kwa brashi. Ni kazi ya ziada, lakini haiharibu. Rangi ya kahawia iliyokoza inafaa kuliko nyeusi, kwa kuwa vita hivi vyote ni vya khaki na udongo, na sehemu utakayosahau haitaonekana kama shimo.

Brashi mbili zinatosha: moja ya namba 1 yenye ncha kali, na moja kuukuu bapa. Wanaoanza hununua brashi nyembamba kupita zote wakidhani zitawapa mistari myembamba. Kinachotoa mstari mwembamba ni ncha, na brashi ndogo mno haibebi rangi ya kutosha. Kwa joto letu hukauka kabla haijafika kwenye jicho. Kwa sababu hiyohiyo ya joto, usiweke rangi kwenye kigae kikavu. Chukua sahani bapa, tandika sponji jembamba lililolowa, juu yake weka karatasi ya kuokea keki, na rangi yako itakaa laini kwa saa kadhaa.

Rangi ziwe za akriliki, zinazopunguzwa kwa maji. Nitataja namba za Vallejo Model Color kwa kuwa hupatikana kwa wauzaji wengi, lakini kampuni nyingine zina rangi zinazokaribiana. Punguza rangi hadi iwe na uzito wa maziwa freshi. Jaribu kwenye ukucha wa kidole gumba: ikiacha michirizi, ni nzito, ikikimbilia kwenye kingo za ukucha, ni nyepesi mno. Matabaka mawili mepesi hushinda tabaka moja zito, daima.

Tumchukue askari mmoja wa Kijerumani, yaani Mwafrika aliyetumikia jeshi la Wajerumani, tuwe naye hadi mwisho.

Ngozi huja kwanza, kwa sababu iko ndani kabisa. Visanamu vingi vya Waafrika huharibiwa na wapakaji wanaoweka nyeusi tupu usoni, na hapo sura hupotea. Ngozi yetu ina wekundu, ina umanjano, ina mng'ao. Paka namba 70.822, kahawia inayokaribia nyeusi, uso mzima na mikono. Ikikauka, paka 70.872 kila mahali isipokuwa kwenye mashimo ya macho, chini ya kidevu na katikati ya vidole. Kisha changanya 70.872 na 70.983 nusu kwa nusu, uguse mgongo wa pua, mifupa ya mashavu, kidevu na fundo za vidole. Mwisho, nukta ndogo ya 70.875 kwenye ncha ya pua na juu ya shavu moja. Wape askari wanane rangi zinazotofautiana kidogo. Kikosi kile kilikuwa na Wasukuma, Wanyamwezi, Wamanyema na Wasudani, na hakuna sababu wafanane kama mapacha.

Macho yaache. Kwa milimita 28, kivuli chini ya ukingo wa kofia hutosha, na jicho lililopakwa vibaya humfanya askari aonekane kama aliyeona jini.

Sare ya khaki hupakwa kwa 70.921, na ikikauka, kingo za mikunjo, mabega na magoti hupakwa 70.988. Tarbushi ilifunikwa kwa kitambaa cha khaki chenye mkia wa kukinga shingo, hivyo ifuate rangi ileile, labda nyepesi kwa kiasi kwa sababu ya jua. Vitambaa vilivyozungushwa miguuni vilikuwa vya buluu, na hilo ni jambo la kufurahisha kwa mpakaji, maana hutoa mstari mmoja wa rangi katika bahari ya udongo, tumia 70.964. Mikanda na mifuko ya risasi ni ya ngozi, 70.940. Mbao ya bunduki iwe kahawia yoyote tofauti na mkanda, na chuma 70.863.

Sasa paka kivuli: rangi ya majimaji inayotiririkia mashimoni, kama Agrax Earthshade ya Citadel, juu ya nguo na ngozi ya mikanda. Iongoze kwa brashi, usiiache itengeneze madimbwi kwenye magoti. Baada ya nusu saa rudia mwangaza wa khaki kwenye ncha chache za mikunjo, na kazi imekwisha. Usimpake huyu peke yake, bila shaka. Panga wanane kwa mstari na upake rangi moja kwa wote kabla ya kufungua kichupa kinachofuata. Ukimfikia wa nane, wa kwanza amekauka.

Rajput wawe tofauti kwa macho ya mtu aliyesimama upande wa pili wa meza. Waanze na 70.988 badala ya 70.921, na mwangaza wa 70.976, ili khaki yao ionekane nyepesi na mpya. Vilemba vyao ni vya khaki pia, na kila mzunguko wa kitambaa unastahili mstari wake wa mwangaza. Wapioneer walibeba zana za kuchimbia pamoja na bunduki, na chuma cha sururu kikiwa na kutu kidogo hupendeza sana.

Funga kazi kwa vanishi isiyong'aa, ukizingatia yale yale ya unyevu.

Hatua ya sita: vitako

Kisanamu kisichokuwa na ardhi chini ya miguu yake hakijakamilika. Tumia vitako vya mviringo vya milimita 25, vipakwe gundi nyeupe ya maseremala na kuchovywa kwenye mchanga. Ukichukua mchanga wa ufukweni, uoshe kwa maji baridi mara tatu na uukaushe juani, kwani chumvi iliyobaki huota unga mweupe kupitia rangi baada ya wiki chache. Udongo wa Tanga katika michezo yangu ni kahawia yenye wekundu, paka 70.983, kisha chovya brashi kuukuu katika rangi nyepesi, ifute kwenye kitambaa hadi iwe karibu kavu, na uipitishe juu ya mchanga. Nyasi hutoka kwenye katani yenyewe: kata nyuzi za milimita 8, zishike kama kifagio kidogo, chovya kitako chake kwenye gundi na usimamishe. Kwa mapigano yaliyofanyika katikati ya mashamba, sidhani kuna nyasi inayostahili zaidi.

Hatua ya saba: meza

Sentimita 180 kwa 120 zinatosha. Tandika shuka nene ya rangi ya udongo, na chini yake weka vitabu pale unapotaka mwinuko. Reli ndiyo moyo wa uwanja: kata foamu ngumu ya kufungashia friji katika vipande vya kimo cha sentimita 2.5, vipange mistari miwili inayovuka upana wa meza ikiacha njia katikati, na ulaze humo vijiti vya barafu vilivyokatwa kama mataruma. Askari waliosimama humo wataonekana vichwa tu.

Upande wa mashariki ni mashamba na vichaka. Minazi hutengenezwa kwa waya uliozungushiwa kamba ya usumba, na makuti ya karatasi ya manila iliyochanwa pembeni kwa mkasi. Mkonge ni rahisi kuliko inavyoonekana: kata pembetatu nyembamba kumi na mbili za manila, zenye urefu wa sentimita 2, kunja kila moja kwa urefu wake ili ipate mgongo, kisha zichomeke kwenye donge la udongo wa mfinyanzi zikitazama nje pande zote. Ipake kijani chenye kijivu. Fanya miche thelathini ukisikiliza redio, uipange kwa mistari iliyonyooka kama shamba lilivyo, na utaelewa papo hapo kwa nini kikosi kilichoingia humo hakikuwaona wenzake wa kushoto na kulia.

Hatua ya nane: kanuni

Kanuni zilizochapishwa ni nyingi, na utazifikia. Hizi zifuatazo ni zangu, zinatosha kwa jioni moja, na zinahitaji dadu za kawaida kumi, futi ya fundi cherehani na karata.

Weka kwenye rundo karata moja nyekundu kwa kila kundi la Waingereza, na moja nyeusi kwa kila kundi la Wajerumani pamoja na bombomu. Changanya. Karata ikifunuliwa, mwenye rangi hiyo huchagua kundi moja ambalo halijacheza na kulipatia vitendo viwili: kutembea, kupiga risasi, au kujipanga upya. Karata zikiisha, zamu imekwisha. Kutembea ni sentimita 15 uwandani na 10 ndani ya mkonge au vichaka. Kundi hupiga mara moja tu kwa zamu.

Kupiga, rusha dadu moja kwa kila kisanamu. Bombomu hurusha sita. Umbali wa mwisho ni sentimita 60, na kila 5 au 6 ni shabaha. Chini ya sentimita 20, hata 4 inatosha. Anayelengwa akiwa kwenye kinga, hurusha tena dadu kwa kila shabaha, na 4 au zaidi humwokoa. Kampuni nyingi za askari wa Wajerumani bado zilikuwa na bunduki za mwaka 1871 zinazotumia baruti nyeusi, zenye moshi unaomtaja mpigaji. Kwa hiyo kundi la askari likishapiga, weka pamba mbele yake, na hadi zamu ijayo kinga yake huokoa kwa 5 au 6 tu.

Kundi lililopoteza watu hupimwa ujasiri: rusha dadu mbili, jumlisha, toa idadi ya waliopotea tangu mwanzo, ongeza 2 ikiwa ofisa yuko ndani ya sentimita 15. Askari wa Wajerumani wanahitaji 5. Wahindi, waliotoka melini na wasiolala, wanahitaji 6. Wakikosa, hurudi sentimita 15 na lazima watumie kitendo kimoja kujipanga upya. Matokeo yakiwa 2 au pungufu, kundi linatoroka mezani.

Pioneer huingia zamu ya tatu. Treni hufika mwishoni mwa zamu ya nne. Waingereza hushinda wakiwa na makundi mawili magharibi ya reli zamu ya nane inapoisha.

Kuhusu nyuki, ambao walishuka tarehe 4 na kuwatawanya watu wa pande zote mbili, kulikuwa na uvumi kwamba Wajerumani waliwatega makusudi. Ni uvumi tu. Ukitaka kuwaingiza, tundika mizinga ya magogo kwenye miti mitatu. Risasi zikipita ndani ya sentimita 10 ya mti huo, rusha dadu: ikitoka 6, makundi yote yaliyo ndani ya sentimita 15, yawe ya nani, hukimbia sentimita 20 na hayapigi mpaka zamu ijayo.

Hatua ya tisa: mchezo wa kwanza

Nitaeleza tukio moja ili kanuni zisibaki namba. Zamu ya pili, kundi la Rajput wanane linatokea ukingoni mwa mkonge, sentimita 45 kutoka reli. Karata nyeusi inafunuliwa. Bombomu inarusha sita: 6, 5, 5, 3, 2, 1. Shabaha tatu. Mkonge ni kinga, kwa hiyo Mwingereza anarusha tatu: 4, 2, 1. Mmoja ameokoka, wawili wameanguka. Ujasiri: dadu zinatoa 5 na 2, jumla 7, toa 2, zinabaki 5. Ofisa yuko sentimita 20 nyuma, akiliongoza kundi jingine, kwa hiyo hana msaada. Wanahitaji 6. Wanarudi.

Ofisa angesogezwa mbele sentimita tano tu, wangebaki. Lakini ofisa aliye mbele yumo katika hatari: kundi alilo karibu nalo likipoteza mtu, rusha dadu moja, na ikitoka 1, ameanguka yeye. Mchezaji wa Waingereza hulikabili swali hilo asubuhi nzima, na ndiyo sababu upande huo, ingawa mara nyingi hushindwa, ndio ninaopenda kuucheza.

Andika baada ya mchezo mambo mawili: zamu ambayo matokeo yaliamuliwa, na kanuni iliyowafanya mbishane. Kanuni hiyo irekebisheni siku hiyohiyo, chai ikiwa bado ya moto. Mwishowe badilishaneni pande na mcheze tena kwa meza ileile, kabla hamjaikunja shuka.

Kuhifadhi ni kazi ndogo. Gandisha sumaku nyembamba chini ya vitako, tandika bati ndani ya boksi la plastiki lenye kifuniko, na tia humo vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Boksi la Wajerumani wangu limekaa juu ya kabati kwa miaka mitatu, mita mia chache kutoka baharini, na hakuna kisanamu kilichoota kutu isipokuwa bati lenyewe, ambalo nililisahau kulipaka rangi.